Waya wa Manjano

Mteja yeyote anayeniambia amekata kebo, namuuliza maswali matatu kabla sijashika bisibisi. Unaangalia nini hasa? Intaneti yako ikoje? Na rimoti anashika nani? La tatu huwa wanalicheka, wanadhani natafuta umbea wa nyumbani. Lakini ukimfungia mtu kifaa bila kujua ni nani atakayeshinda nacho kutwa, utapigiwa simu mpaka ujute kusomea ufundi.

Yule mwalimu hakucheka. "Rimoti anashika mama yangu," alisema kwenye simu, kengele ya shule ikilia nyuma yake. "Anaishi peke yake. Ana miaka sabini na mbili na akili yake inakata kama wembe. Kebo tumeikata juzi, tumechoka nayo. Kila ukigeuka wamepandisha bei, na wanachobakiza ni vipindi vya kuuza masufuria. Wewe nenda asubuhi, mfungie antena ya paa na king'amuzi, apate chaneli za bure. Mimi nitakuja saa tisa nikitoka shule, na kisanduku cha intaneti. Nimeshakinunua. Rimoti yake ina vitufe saba tu, hata mtoto wa chekechea anaiweza."

"Antena peke yake haitamtosha?"

"Antena haina zile tamthilia anazozipenda. Nataka mama yangu afurahi, fundi. Sina zaidi."

Nilimpenda kwa jibu hilo, nikapandisha ngazi kwenye kigari changu.

Saa nne sikuwahi hata kubisha. Mlango ulifunguka, mama mmoja mwembamba amesimama wima kama aliyeitwa kwenye gwaride, kitambaa kichwani kimefungwa bila mkunjo.

"Hiyo ngazi ni ya aluminiamu, na mguu wake mmoja umelegea," alisema. "Nimeisikia tangu kona. Karibu, mwanangu. Ipitishe kwa upande, juu hapo kuna taa."

Mtaani walimwita Mama Laini. Kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye ubao wa simu wa hospitali kuu, akiunganisha waliopiga na waliopigiwa, na nilipokuwa natandaza vifaa vyangu sakafuni alinisimulia bila kuombwa. "Wodi ya wazazi ilikuwa ishirini na moja. Maabara, thelathini na nne. Chumba cha maiti, arobaini. Hiyo ya mwisho sikuwahi kuikosea hata siku moja, maana ukimuunganisha mtu huko kimakosa, umeongeza mgonjwa wa pili."

Sebule yake ilikuwa safi kupita kiasi. Viti vyote vilibandikwa ukutani. Katikati hapakuwa na meza wala zulia, sakafu tupu inang'aa. Nikajisemea, huyu anapenda nafasi. Juu ya kabati ilikaa televisheni ya zamani, ile yenye kisogo kikubwa, na kando yake rimoti ya kebo ndani ya mfuko wa plastiki. Niliinyanyua. Namba zote zilikuwa zimefutika, vitufe vimebaki vyeupe kama meno.

"Mama, hii uliwezaje kuitumia?"

"Namba ziko kichwani. Habari mia moja na nne. Tamthilia mia mbili na saba. Yule daktari wa mambo ya tumbo, mia tatu na kumi na tano, lakini siku hizi anajisifu sana." Akanyoosha mkono, nikampa, akaishika kifuani kama mtu anayerudishiwa pochi. "Hicho kisanduku anacholeta binti yangu, rimoti yake ina namba?"

Wakati huo nilikuwa nyuma ya televisheni. Seti za aina hii hupokea nyaya tatu: nyekundu na nyeupe ni za sauti, ya manjano ni ya picha. Ncha ya ule wa manjano ilikuwa imeota kutu. Niliuchomoa ili niweke mpya.

"Haina namba," nilimwambia. "Ina mshale wa juu, chini, kulia, kushoto, na kitufe cha katikati. Unatazama kwenye kioo, unatembea mpaka unapotaka, unabonyeza."

"Unatazama, unatembea," alirudia polepole.

"Ni rahisi, mama. Utazoea."

"Watu wote wanaoniambia nitazoea huwa wanaondoka jioni."

Nilicheka, nikautia ule waya mfukoni, nikamweleza mengine: kwamba zipo fimbo ndogo za kuchomeka kwenye televisheni za kisasa, kwamba wengine hurusha picha kutoka kwenye simu, kwamba wengine wameacha televisheni kabisa na wanaangalia kiganjani. Alisikiliza yote. Mwisho akasema yeye anataka antena na namba, na hayo mengine niwape vijana. Nikawasha king'amuzi, nikamwachia rimoti yake, nikachukua spana, nikapanda paani.

Ukiwa juu ya paa huoni televisheni, kwa hiyo lazima mtu akae ndani akuambie. Hapo ndipo kazi yetu huharibikia. Wengi husema "imekuja" wakati imeshapita, wengine wanaanza kuangalia kipindi wanakusahau juani. Mama Laini hakuwa kama wao.

"Vipi hapo?" niliita.

"Inakatakata."

Nikazungusha. "Na hapo?"

"Imekuja. Hapana, imekwenda. Rudi kidogo, kidogo sana, kama unafunga chupa ya dawa."

Nikarudi.

"Hapo hapo, mwanangu, usipumue. Picha imetulia, safi kabisa."

Nilikaza nati nikiwaza kwamba huyu ningemwajiri. Nikashuka, nikaingia sebuleni nikijifuta jasho. Sauti ya mtangazaji ilijaa chumba kizima, haina mkwaruzo. Mama Laini amekaa kitini, mikono mapajani, uso ameuelekeza kwenye seti, anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubaliana na habari.

"Umeona?" alisema. "Picha kama ya sinema."

Kioo kilikuwa cheusi tii. Mkono wangu ulikuwa mfukoni ukitafuta kitambaa, na ulichokigusa ni ule waya wa manjano.

Ningeweza kuuchomeka kimyakimya. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Ningeuchomeka, ningesema "kweli, mama, safi", ningefunga mkoba wangu. Lakini mimi mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa.

"Mama, waya wa picha ninao mfukoni."

Hakushtuka. Alitafuta kitufe cha sauti kwenye rimoti mpya niliyomwachia, akakipata, akapunguza.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu kabla sijapanda."

"Kwa hiyo hapo mbele hakuna kitu."

"Ni giza tu, mama."

Akasonya, si kwa hasira, ni kama mtu aliyekosea hesabu ya mishono. "Miezi kumi na moja. Nimempita jirani, nimempita muuza maziwa, nimempita binti yangu wa kumzaa. Leo nimekamatwa na waya."

Nilikaa chini sakafuni, maana viti vilikuwa mbali. Akanieleza. Ilianza kama ukungu kwenye jicho la kushoto. Alidhani ni dirisha limechafuka, akalisugua wiki nzima. Ukungu ukahamia la kulia. Sasa alikuwa anaona mwanga na vivuli. "Wewe ni kivuli kirefu chenye kelele," alisema.

"Na hospitali?"

"Niende na nani? Peke yangu siwezi kuvuka barabara. Akinipeleka mtu, ameshajua."

"Wakijua kuna nini?"

"Walipomaliza kumzika baba yao, watoto wangu wawili walikaa hapo ulipokaa, wakapatana mbele yangu. Siku mama atakaposhindwa kujiangalia, nyumba inapangishwa, mama anahamia kwa dada mtu. Yule wa kiume yuko mbali, yeye angetaka iwe hata kesho. Na mimi nilikubali. Wakati ule nilikuwa naona, kukubali kulikuwa rahisi."

"Kwani kwa mwalimu kubaya?"

"Kwa binti yangu kuzuri mno. Nitapewa chumba, nitapewa mto, nitaambiwa kaa mama, pumzika mama, acha mama tutafanya sisi. Hapa natembea. Kutoka kitandani hadi jikoni ni hatua kumi na tisa, hadi mlangoni ishirini na sita. Nafua, napika, nafungua mlango kabla hujabisha. Kule nitakuwa kiti."

 Nilikuwa nimeuona mkono wake. Juu kidogo ya kifundo palikuwa na kovu la kuungua, na pembeni yake jingine, bado jekundu.

"Umenyamaza," alisema. "Umeona mkono."

"Mama, hili jambo zito."

"Najua uzito wake. Pale ubaoni nilisikia nani ana mimba na ya nani. Nilisikia daktari yupi amelewa zamuni. Nilijua nani amefariki kabla mkewe hajajua. Sikuwahi kutoa neno nje ya ule mlango. Sasa naomba na mimi nitunziwe la kwangu, moja tu."

Nilitakiwa kukataa. Nilitakiwa kumwambia kwamba moto hauheshimu siri ya mtu. Badala yake nilimuuliza binti yake atafika saa ngapi.

"Saa tisa. Na hatanionyesha tu, atanipa mtihani. Ndivyo alivyo tangu ana miaka sita, alikuwa anawapa mitihani wanasesere."

Basi tukajiandaa kwa mtihani. Nasema bila kujificha, niliifanya kazi hiyo kwa raha zote. Nilichomeka waya mpya wa manjano, nikamsomea chaneli zote kumi na tisa za king'amuzi pamoja na namba zake. Alinisikiliza mara moja. Mara ya pili alizisema yeye, na akanikosoa mimi niliporuka ya kumi na mbili.

Kisha kile kisanduku. Nina kimoja cha aina hiyohiyo mkobani kwa ajili ya kuwaonyesha wateja. Nilikiunga kwa kigeuzi, maana seti ya kisogo haina tundu lake, nikakipa intaneti ya simu yangu. Nikakumbuka kwamba vifaa hivi vina msomaji, sauti inayosoma maandishi ya kwenye kioo kwa wasioona. Nikaiwasha. Ikasema kitu kwa Kiingereza cha puani.

"Huyu nani?" Mama Laini aliuliza.

"Ndiye anayesoma."

"Kiswahili?"

"Hajui."

"Wametengeneza mashine inayojua hali ya hewa ya dunia nzima, Kiswahili kimewashinda. Mzime, ananichafulia nyumba."

Nilimzima. Hata hivyo angetuponza, kwa sababu Mwalimu angeuliza mara moja ni wa nini. Ikabaki vidole. "Kitufe cha nyumbani kina kijishimo, kipo juu kulia. Bonyeza, subiri kidogo. Chini mara moja. Kulia mara mbili. Katikati." Akabonyeza. Muziki wa tamthilia ukaanza, naye akainua kidevu. Alirudia mara nane bila kukosea. Tulikuwa tunacheka kwa sauti ya chini, kama wanafunzi wawili tuliojificha nyuma ya choo cha shule.

Kuna kitu sikumwambia. Visanduku hivi havitulii. Leo tamthilia iko kulia mara mbili, kesho wameweka tangazo hapo, keshokutwa wamepanga upya ukurasa mzima. Nilijua hivyo. Nilimwona anavyofurahi, nikanyamaza.

Saa tisa na robo Mwalimu aliingia na boksi kwapani na vumbi la chaki kwenye mkono wa blauzi. Ana sura ya mama yake, ila yeye amejaa. Alimkumbatia mama yake, akamuuliza kama amekula, akamwambia akae. Mama Laini akakaa. Kisha binti akanigeukia.

"Antena vipi, fundi?"

"Chaneli kumi na tisa, dada. Mama ameshazizoea zote."

"Huyo ndiye mama yangu." Alisema kwa majivuno ya kweli kabisa.

Tulifunga kisanduku chake. Kikajisasisha, kikazunguka dakika kumi, kikawaka. Mwalimu alimwekea mama yake rimoti mkononi, akasogea nyuma hatua mbili, akafunga mikono.

"Haya mama. Mimi sisemi kitu. Tafuta tamthilia mwenyewe, nione."

Mama Laini alinyoosha mgongo. Nyumbani. Akasubiri. Chini, kulia, kulia, katikati. Kidole hakikusita hata kidogo.

"Mh," alisema Mwalimu. "Nani amekufundisha haraka hivi?"

"Fundi wako si mchezo."

Lakini muziki haukuja. Kisanduku kilikuwa kipya, hakijui wenyeji wake, na kabla ya kufungua chochote kiliuliza. Kioo kizima kilijaa maneno, herufi kubwa kama sahani: NANI ANAANGALIA? Chini yake vichwa viwili, kimoja kimeandikwa MTU MZIMA, kingine MTOTO. Mama Laini alisubiri, amekielekezea kile kimya tabasamu lake.

"Mama, imeandika nini?" aliuliza Mwalimu.

"Imeandika subiri."

Mwalimu akacheka. "Subiri nini, mama? Acha utani. Soma."

"Mtandao mzito," nilidakia. "Huwa inafanya hivyo ikiwa mpya."

Mwalimu alinitazama. Akatazama kioo. Akamtazama mama yake, ambaye bado alikuwa anatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa limeelekea kidogo pembeni, kwenye spika, si kwenye picha.

Hapo mimi nilikimbia. Sina jina jingine la kukipa kitendo hicho. Nilisema nati ya antena imelegea, nikachukua spana, nikapanda paani.

Bati lilikuwa la moto. Nilichuchumaa kando ya bomba, nikaishika nati ambayo nilikuwa nimeshaikaza asubuhi. Dirisha la sebule lilikuwa wazi chini yangu, na sauti zilipanda zote.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Mwalimu, na haikuwa tena ya darasani. "Imeandika nini?"

Nikasikia bati linavyolia kwa joto.

"Sijui," alisema Mama Laini. "Nikikwambia nitakuwa nimebahatisha, na wewe unachukia wanafunzi wanaobahatisha."

"Huoni?"

"Naona dirisha. Naona kuna mtu kasimama, ananuka chaki."

"Tangu lini?"

"Miezi kumi na moja sasa."

"Kila Jumamosi niko hapa, mama. Kila Jumamosi."

"Kila Jumamosi unakuja na vikapu viwili. Unafagia, unapika, unaniambia kaa. Nakaa. Mtu aliyekaa hajulikani kama anaona."

Nikasikia kiti kikiburutwa, kisha kwikwi, na hazikuwa za yule mzee.

"Sasa unalia," alisema Mama Laini. "Ndiyo maana sikusema. Ukilia wewe, natakiwa nikubembeleze, na mwenye macho mabovu ni mimi."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungempigia kaka yako. Ungempigia leo, keshokutwa humu kuna mpangaji anapigilia misumari ukutani kwangu."

"Simpigii."

"Utampigia. Wewe hujui kubeba kitu peke yako, tangu mdogo."

Mwalimu alipiga chafya, au alipenga kamasi, kutoka juu huwezi kutofautisha. Kisha sauti yake ikawa ya karibu sana na chini sana, nikajua amepiga magoti.

"Na huu mkono?"

"Sufuria."

"Na hapa?"

"Kiberiti. Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Nilijitibu."

Mimi juu nilishindwa kujua nimwombee nani. Asubuhi nilikuwa upande wa mama. Nilikuwa na uhakika kama mtu aliyeshika spana. Sasa nilisikia mtoto wa mtu anahesabu makovu ya mama yake, na uhakika wangu ukaanza kuteleza kwenye bati.

"Macho wanapima Alhamisi," alisema Mwalimu mwishowe. "Nitaomba ruhusa shuleni. Tunakwenda."

"Na wakisema hayaponi?"

"Tutarudi hapa, tukae, tufikirie."

"Hapa wapi?"

"Hapa, mama."

"Sema hapa kwa nani."

"Hapa kwako."

"Na kaka yako?"

"Kaka atangoja. Nikizungumza naye, wewe utakuwepo, utasikia kila neno."

"Hilo nalikubali."

"Na mimi nina langu," alisema Mwalimu, na ile sauti ya darasani ikarudi nusu. "Jiko hugusi. Kuanzia sasa. Si mpaka Alhamisi, ni mpaka tukubaliane."

Nilimwona Mama Laini akilini akizihesabu zile hatua zake kumi na tisa.

"Nitakula nini?"

"Nitapika mimi. Nahamia chumba cha nyuma."

"Na mumeo?"

"Ana mikono miwili."

"Sijawahi kuiona ikifanya kazi."

"Ulikuwa huoni, mama."

Nilisikia pumzi ikikatika, nikadhani Mwalimu ameharibu. Kisha mmoja akaanza kucheka, na mwingine akafuata, kicheko kibaya chenye machozi ndani yake, kile kinachouma mbavu.

"Fundi," Mama Laini aliita alipomaliza. "Shuka. Hiyo nati umeikaza mpaka inaomba msamaha."

Nilishuka. Sikujua niuweke wapi uso wangu, ingawa mmoja wao hakuwa anauona. Niliyamaliza yaliyobaki: nikakiondoa kisanduku, nikairudisha seti kwenye king'amuzi, nikafunga nyaya kwa utepe ili mtu asijikwae. Mama Laini alinishukuru kwa kunishika kiganja, akakiacha. Mwalimu alinisaidia kubeba ngazi mpaka getini. Tulipoilaza kwenye kigari ndipo alipozungumza.

"Ulijua."

"Tangu asubuhi, dada."

"Ukashinda naye ukimfundisha namna ya kunidanganya."

"Ndiyo."

"Na kama angeungua leo jioni? Kama ningekubali kwamba imeandika subiri, nikaenda zangu nyumbani nikijua mama yangu ni mzima?"

Nina maneno mengi mimi. Walionisomesha walilalamika kuhusu maneno yangu. Wakati ule lilinitoka moja tu.

"Aliniomba," nilisema.

"Najua alikuomba. Ana namna yake ya kuomba." Alijifuta uso kwa mkono wa blauzi, chaki ikambaki shavuni. "Sijui nikushukuru au nikufukuze. Nitaamua siku nyingine." Akanisukumia kifuani kile kisanduku alichokuwa amekibana kwapani. "Kipeleke. Kama kipo kinachosoma Kiswahili, niletee. Kama hakipo, na hiki usikirudishe."

"Nitatafuta."

"Tafuta kweli."

Kutoka ndani Mama Laini aliita. "Habari za saa kumi zimeanza. Unakuja, au unamgombeza mtoto wa watu? Njoo uniambie huyu mtangazaji amevaa nini."

Mwalimu alisimama sekunde mbili tatu ameshika geti. Kisha akaingia, nikasikia akivuta kimoja cha vile viti vya ukutani, akakileta mpaka katikati ya ile sakafu tupu.

"Koti la kijani," alisema. "Linambana."

"Nilijua," Mama Laini alijibu. "Sikiliza anavyosoma. Hana hata pa kupumulia."